Jina la Kifaransa Katika Nyumba ya Mgusii: Uhakiki wa Uteuzi wa Majina Kisii na Nyamira

Wahakiki wa fasihi wamezoea kuuliza kwa nini mwandishi amempa mhusika wake jina fulani. Jina la mtoto halisi, aliyezaliwa na kunyonyeshwa, huachiwa kasisi, karani na mtaalamu wa mila. Hata hivyo jina hilo nalo ni matini. Lina mtunzi, lina hadhira, lina mapokeo yanayolitangulia, na mara nyingi huishi miaka mingi kuliko riwaya. Makala haya yanakusudia kuyachunguza kwa jicho la uhakiki majina ya Kifaransa ambayo wazazi wa Kigusii huwapa watoto wao katika Kisii na Nyamira, ambazo zimepata kuwa chini ya utawala wa aina mbalimbali na tangu 2013 ni kaunti mbili.

Majina yenyewe hayahitaji kutafutwa mbali. Katika daftari la darasa lolote la huko msomaji atakutana na Yvonne, Jacqueline, Josephine, Bernadette, Caroline, Pauline, na upande wa wavulana Denis na Maurice. Siku hizi wameongezeka akina Charlotte, Chantal na Rene. Kuhusu majina haya kuna maoni mawili yanayosikika sana. Wa kwanza husema kwamba ni ushahidi wa akili iliyotawaliwa. Wa pili husema kwamba jina la kwanza ni pambo tu, kama shanga, na kwamba jina lenyewe ni lile la Kigusii linalofuata. Maoni haya yanapingana kwa kelele lakini yana msingi mmoja: yote mawili yanachukulia kwamba jina la Kifaransa ni geni kwa Mgusii kwa sauti na kwa mantiki. Msingi huo ni dhaifu. Ugeni upo, ila umo katika namna jina linavyochaguliwa.

Yafaa kwanza ikumbukwe kwamba majina haya yalifika bila Wafaransa. Kituo cha Kikatoliki cha Nyabururu, karibu na mji wa Kisii, kilianzishwa mwaka 1911 na wamisionari wa Mill Hill, shirika lililoasisiwa Uingereza mwaka 1866. Waadventista nao walijenga Nyanchwa muda mfupi baadaye, wakaleta zaidi majina ya Agano la Kale. Wakatoliki walibatiza kwa Kilatini, kwa majina ya watakatifu, na ndiyo maana hadi leo Gusii ina akina Juvenalis, Evaristus na Callistus wengi kuliko mahali pengi pa Kenya. Miongoni mwa watakatifu hao walikuwamo wa Ufaransa. Thérèse wa Lisieux alitangazwa mtakatifu mwaka 1925, Bernadette wa Lourdes mwaka 1933, yaani katika miaka ileile ambayo ubatizo ulikuwa ukienea nyanda hizi za juu. Denis ni askofu shahidi wa Paris. Maurice, jina la askofu wa kwanza wa jimbo la Kisii, Maurice Otunga, aliyeanza kazi hiyo mwaka 1960, ni jina la mtakatifu ambaye mapokeo yanasema alikuwa askari kutoka Misri. Hivyo Mgusii aitwaye Maurice amelipokea kutoka kwa Mwingereza jina la Kifaransa la Mwafrika.

Kundi jingine liliingia kimyakimya zaidi. Waingereza wenyewe waliyapokea majina mengi ya Kifaransa baada ya kushindwa na Wanormandi mwaka 1066, wakayatumia hata wakasahau yalikotoka. Alice ni jina la Kifaransa cha kale. Janet, jina la Janet Ong'era aliyekuwa mwakilishi wa wanawake wa Kisii bungeni kuanzia 2017 hadi 2022, lina asili yake katika Jeanne. Nyanya aliyebatizwa Alice miaka ya 1940 na mjukuu aitwaye Chantal wamepewa majina kutoka chemchemi moja. Tofauti ni kwamba nyanya alidhani amepewa jina la Kizungu tu, na mjukuu ameambiwa kwamba lake ni la Kifaransa. Neno hili "la Kifaransa" ndilo jipya. Limeongezewa hadhi ya manukato.

Kati ya nyanya na mjukuu lugha ya Kiswahili ilifanya kazi ambayo haijatambuliwa vya kutosha. Kiswahili kiliyapokea majina ya dini kwa utaratibu wake wa silabi wazi: Teresia, Karolina, Josefina, Yohana, Yakobo. Kigusii, ambacho maneno yake nayo huishia kwa irabu, hakikuwa na taabu yoyote na majina ya namna hii. Kisha shule ikaleta umbo la Kiingereza, irabu ya mwisho ikang'olewa, na Teresia akawa Teresa au Therese, Karolina akawa Caroline. Kwa hiyo historia ya sauti za majina haya imekwenda kinyume na ilivyotazamiwa. Kwa kawaida neno la mkopo huanza likiwa gumu, likalainishwa na ulimi wa wenyeji. Hapa neno lililokwisha kulainishwa limerudishwa ugumu wake kwa makusudi, kwa sababu ugumu umekuwa alama ya elimu.

Sasa itazamwe fonolojia yenyewe, maana hapa ndipo hoja ya ugeni inapoanza kupasuka. Ni kweli kwamba f, v, z, sh na l hazimo katika orodha ya asili ya sauti za Kigusii. Mtu anaweza kukata tamaa mapema akiliangalia jina kama Yvonne. Lakini b ya Kigusii kwa kawaida hutamkwa bila midomo kufungwa kabisa, hewa ikipita kwa mkwaruzo. Si mbali na v. Ni jirani yake wa karibu kuliko b ya Kiswahili. Ama l, Kigusii kina r ya kuipokea, kama lugha nyingi za Kibantu zilivyofanya.

Katika irabu jambo ni la kupendeza zaidi. Kiswahili kina irabu tano. Kigusii kina saba: katika e inayoandikwa mna sauti mbili, moja ya juu na moja ya chini, na vivyo hivyo katika o. Mgawanyo huu, kwa makadirio ya sikio, ni uleule ambao Kifaransa huuonyesha kwa alama za é na è. Jina Thérèse lina irabu hizo zote mbili, moja baada ya nyingine. Msemaji wa Kiswahili wa pwani, na hata Mwingereza, huzisawazisha. Mgusii anazo zote mbili kinywani tangu utotoni, hazikosi katika mazungumzo yake ya jikoni. Maandishi ndiyo yanayomwangusha. Tahajia ya Kigusii hutumia herufi tano na huziacha irabu mbili bila alama, na cheti cha kuzaliwa hukubali Therese pasipo alama yoyote. Basi sikio linaloweza kulisikia jina hilo vizuri kuliko masikio mengi ya Afrika Mashariki linanyimwa nafasi ya kulisikia, kwa sababu jina limefika kupitia macho.

Mfano mwingine ni Clementine. Mfaransa hulipitisha jina hilo katikati kwa irabu ya puani, kisha t. Kigusii hakina irabu ya puani inayobadili maana, ila kina n iliyoungana na t kuwa sauti moja, kama inavyosikika katika Kemunto. Anayelisema Clementine kwa Kigusii hupata nt hiyo kwa urahisi kabisa, wala hakuna sababu ya kumcheka.

Kucheka kumezidi. Walimu wa lugha hupenda kuchekea vyeti vilivyoandikwa Jackline badala ya Jacqueline, Josphine badala ya Josephine. Huitwa makosa ya makarani. Lakini makosa yanayorudiwa na maelfu ya watu kwa utaratibu mmoja hustahili jina jingine. Herufi qu za Jacqueline humwambia msomaji wa Kiingereza aseme kw, na wengi kweli husema hivyo. Aliyeandika Jackline amesikia k, akaandika k. Amelisahihisha jina kwa sikio. Vivyo hivyo Josphine inaonyesha silabi kama zinavyosikika, si kama zilivyopangwa katika kitabu cha misa. Mtu huyu ndiye mwanafonolojia wa pekee katika mlolongo mzima kuanzia kasisi hadi msajili, na sisitizo la kumrudisha kwenye tahajia "sahihi" ni sisitizo la kumrudisha kwenye jina la mtu mwingine.

Juu ya maana kuna kosa kubwa zaidi. Wazazi vijana hutumia orodha za majina, za vitabuni na za kwenye simu, ambazo mbele ya kila jina huandika maana yake. Kutoka orodha hizo mzazi hujifunza kwamba Yvonne maana yake ni mti fulani wa Ulaya uliotumiwa kutengenezea pinde, kwamba Bernadette ni dubu jasiri, kwamba Charlotte ni mtu huru. Nyanda za Gusii hazina mti huo wala dubu. Lakini hata tukiacha hilo, orodha hizi zinachanganya asili ya neno na maana ya jina. Shina la Yvonne, la Bernadette na la Charlotte ni la Kijerumani cha kale. Jacqueline ni Yakobo aliyevikwa gauni, na Josephine ni Yusufu. Mfaransa wa kawaida anayemwita binti yake Charlotte hafikirii uhuru. Anafikiria shangazi yake aliyeitwa Charlotte, au mtu aliyempenda. Etimolojia imeuzwa kama maana.

Mgusii hakulelewa katika nadharia hiyo ya majina. Kwake jina lina njia mbili za kumaanisha. Ya kwanza ni tukio: Kwamboka hutokana na kitenzi cha kuvuka, na huhusishwa na mtoto aliyezaliwa mama akivuka au baada ya kuvuka mto, Nyanchera hubeba ndani yake enchera, njia. (Msomaji wa Kiswahili anayesikia Kerubo na kumkumbuka kerubi wa Biblia anakosea, ingawa kosa hilo lingewafurahisha mapadri.) Ya pili, iliyo nzito zaidi, ni ukoo: mtoto hupewa jina la jamaa aliyekwisha kufa, mara nyingi wa kizazi cha babu na nyanya. Hapo maana ya jina haipatikani katika kamusi. Ukimwuliza mzee wa Nyamira nini maana ya Nyaboke, anaweza kukujibu kwa kutaja mtu, alikoolewa, na watoto aliowazaa. Jibu hilo ni kamili. Msichana aitwaye Moraa anaweza kusimuliwa habari za Moraa wa Ngiti, nabii aliyemchochea Otenyo kumchoma mkuki mtawala wa Kiingereza Northcote mwaka 1908, na jina lake likamaanisha hayo bila mzizi wowote kuchimbuliwa.

Katika fasihi ya Afrika Mashariki suala hili limekwisha kuguswa, ila kwa upande mmoja. Okot p'Bitek katika Song of Lawino ya mwaka 1966, iliyofasiriwa kwa Kiswahili na Paul Sozigwa, anampa mshindani wa Lawino jina la Clementine, na Lawino analalamika kwamba majina ya ubatizo hayana maana masikioni mwake. Wahakiki wengi wamekiridhia kilio hicho kama hukumu. Marehemu Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyechapisha Weep Not, Child mwaka 1964 kwa jina la James Ngugi, baadaye aliacha jina la ubatizo, na kitendo chake kikawa kielelezo cha kizazi kizima. Kitendo cha Ngũgĩ kinastahili heshima. Lakini Lawino ni mhusika, hasemi kwa niaba ya isimu. Jina linaloita mtoto kila asubuhi kwa miaka ishirini hupata maana kwa kuitwa huko. Alice wa miaka ya 1940 akifa, na mjukuu akapewa jina Alice kwa ajili yake, basi Alice limekuwa jina la Kigusii kwa kanuni ya Kigusii yenyewe. Lawino hakuifikiria hali hiyo kwa kuwa katika utenzi wake Clementine hajapata wajukuu.

Ulinganisho na mashariki ya Kongo unaweza kusaidia. Huko Bukavu na Goma wasemaji wa Kiswahili huitwa Dieudonné, Espérance, Dieumerci, sambamba na Furaha, Bahati na Riziki. Mwaka 1972 Mobutu alipiga marufuku majina ya Kikristo kwa jina la uhalisi wa Kiafrika. Yeye alipoanguka majina hayo yalikuwa yamekwisha kurudi. Sababu mojawapo ya uhai wao ni kwamba Kifaransa ni lugha ya shule huko, na jina linasikika kama sentensi. Dieudonné ni "Mungu amempa", na anayemwita anasema hivyo akijua. Espérance na Tumaini ni dada wawili. Kisii hali si hiyo. Kifaransa ni somo la hiari katika shule za sekondari za Kenya, na wazazi wengi hawana neno moja la lugha hiyo. Jina linalosema huko Bukavu hunyamaza likifika Keroka.

Cha kushangaza ni kwamba hazina ya Kifaransa ina majina ambayo yangeweza kusema Kisii, na hayo ndiyo yanayoachwa. Noël hupewa mtoto aliyezaliwa wakati wa Krismasi. Pascal ni wa Pasaka. Toussaint ni wa siku ya Watakatifu Wote, tarehe 1 Novemba. Désiré, na Désirée kwa msichana, ni mtoto aliyetamaniwa. Haya ni majina ya tukio, ndugu wa Kwamboka na Nyanchera. Na lipo René, kwa msichana Renée, lenye maana ya aliyezaliwa upya. Wakristo wa kale walilipenda kwa sababu ya ubatizo. Katika nyumba ya Kigusii ambamo mtoto amepewa jina la babu aliyefariki, na jina hilo likasikika tena uani baada ya kimya cha miaka, René lingekaa kando ya jina la babu kama tafsiri yake. Hata hivyo huchaguliwa kwa kuwa ni fupi na linapendeza. Isitoshe, likiandikwa bila alama wala e ya pili, mvulana na msichana hawatofautishwi, na mara nyingi mwalimu husoma kana kwamba ni Irene aliyekatwa kichwa.

Hapana haja ya kuwatukuza Wafaransa katika jambo hili. Sheria yao ya mwaka 1803 iliwabana wazazi wachague katika kalenda za watakatifu na historia ya kale, na haikufutwa hadi mwaka 1993. Kilichoitwa "jina la Kifaransa" kwa karibu miaka mia mbili kilikuwa jina lililokubaliwa na karani wa serikali. Na mwanzoni mwa miaka ya 1990 jina la wavulana lililoongoza Ufaransa lilikuwa Kevin, la Kiayalandi, ambalo Kisii nako halina upungufu. Wazazi wa Lyon nao walikuwa wakitafuta mbali.

Linalobaki ni nafasi. Mtoto wa Kigusii kwa desturi ya sasa huandikwa majina matatu: la ubatizo au la kuchagua, la Kigusii, kisha la baba. Katika utaratibu huo jina la Kigusii limewekwa katikati, mahali ambapo karatasi ina desturi ya kufupisha. Yvonne Kemunto wa baba fulani anapoingia shule anakuwa Yvonne K.; katika orodha ya mtihani anakuwa Yvonne K.; kazini vivyo hivyo. Wanaompinga Yvonne wanamtazama mhalifu asiye na hatia. Yvonne halikumwondoa Kemunto, na kama mama angemwita binti Grace au Mary matokeo yangekuwa yaleyale. Kilichomwondoa ni nukta iliyo baada ya herufi. Tena herufi yenyewe haisaidii kukisia, kwa kuwa Kemunto, Kerubo na Kwamboka, nyanya watatu waliokufa kwa nyakati tatu na kuzikwa katika maboma matatu, wote huishia kwenye K moja.

Nyumbani, ambako karatasi haifiki, mama mkwe humwita mtoto Kemunto tangu siku ya kwanza, wakati mwingine kwa kuwa Yvonne linamshinda, wakati mwingine kwa kuwa anamwita mamake aliyefariki na hataki kumwita mwingine. Mtoto huitikia majina yote mawili. Anajifunza mapema kwamba lile la kwanza ni la mwalimu na la pili ni la nyanya. Siku atakapojaza fomu kwa mkono wake mwenyewe, karani atamwuliza kama jina la katikati liandikwe lote au herufi tu, na nafasi iliyoachwa kwenye fomu ni ya herufi saba.